Gitaa Lililolala Sandukuni: Kutu Kuanzia Nyuzi Hadi Springi

Gitaa hili lililetwa na malalamiko matatu. Nyuzi zimekuwa za kahawia na zinakwaruza vidole. Daraja, kile chuma kinachozishika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, halirekebishiki kwa sababu skrubu zake zimeganda. Tena, likichomekwa kwenye amplifaya linanguruma, na mngurumo wenyewe hauna utaratibu: mara unapungua mtu akigusa nyuzi, mara haupungui hata akizilalia zote kwa kiganja. Mwenyewe alikuja na seti mpya ya nyuzi mkononi. Alitaka fundi wa kuzifunga, kulegeza zile skrubu, na kumrudishia gitaa lake siku hiyohiyo.

Ni gitaa la muundo wa Stratocaster, ule ambao Fender waliutoa mwaka 1954 na watengenezaji wengi wakauiga: pikapu tatu za koili moja (vifaa vya sumaku na waya vinavyodaka mtetemo wa nyuzi), daraja linalochezeshwa kwa mkono wa chuma, na springi zilizofichwa kwenye shimo nyuma ya mwili. Nautaja muundo kwa sababu unaamua kazi itakuwa kubwa kiasi gani. Gitaa la aina hii lina chuma kila mahali: bamba la daraja, vikalio sita ambavyo nyuzi huketi juu yake, skrubu za kupandisha na kushusha kila kikalio, bloku iliyo chini ya daraja, springi, ndoana inayozishika springi hizo, bamba la shingo na skrubu zake nne. Vingine vimepakwa nikeli, vingine kromu, vingine havijapakwa kitu. Ukivisafisha vyote kwa dawa moja, utaponya vichache na kuharibu vilivyobaki.

Na usafishaji ulikuwa umeshaanza. Kona moja ya bamba la daraja, upande wa nyuzi nene, ilikuwa inang'aa kuliko kwingine, ila mng'ao ule haukuwa wa nikeli. Ulikuwa wa chuma kitupu. Mwenyewe alieleza kwamba alisugua kidogo kwa sufu ya chuma, akaona mikwaruzo, akaacha. Nashukuru aliacha. Hata hivyo, ile sufu ilikuwa imeacha madhara mengine hatua chache kutoka pale, nitayafikia.

Kutu imekaa wapi

Kabla ya kulegeza uzi hata mmoja nilitaka kujua maji yametoka wapi. Chuma hakishiki kutu bila maji na oksijeni, na chumvi huongeza kasi. Kwenye gitaa, maji huja kwa njia mbili: mkono wa mpigaji, au hewa ya mahali linapokaa. Kila njia huacha ramani yake. Kutu ya jasho huufuata mkono. Utaikuta kwenye nyuzi pale vidole vinapokandamiza mara nyingi, kwenye vikalio vya nyuzi nene ambako kiganja hupumzika, na kwenye kingo za bamba la daraja. Kutu ya unyevu wa hewa haichagui. Inakaa hata mahali ambapo hakuna mkono uliowahi kufika.

"Fundi, mimi jasho langu lina chumvi kali," aliniambia. "Kila nyuzi nikifunga zinaoza."

Nikampitisha kidole chake kwenye kichwa cha gitaa, juu ya vipande vya nyuzi vilivyo kati ya kizingiti cha shingo na vifunguo vya kukazia.

"Kaka, hapa huwa unapiga?"

"Hapo? Hapo hakuna anayepiga."

Ncha ya kidole chake ilitoka na unga wa rangi ya chungwa. Nyuzi zilikuwa zimeoza kwa kiwango kilekile kutoka vifunguoni hadi darajani, bila sehemu iliyozidi wala iliyopona. Jasho halifanyi hivyo.

Kisha nikaligeuza gitaa na kufungua kifuniko cha nyuma. Springi zilikuwa na hali mbaya kuliko kitu chochote kilichokuwa mbele. Kutu yake ilikuwa ya magamba, ile inayopukutika ukiigusa kwa bisibisi, na ndoana ilikuwa imevimba kingo. Skrubu za bamba la shingo, nazo ziko nyuma, zilikuwa nyeusi mashimoni. Mbele, skrubu za plastiki nyeupe inayobeba pikapu zilikuwa na madoa tu. Kwa hiyo unyevu ulikuwa umelipanda gitaa kutoka mgongoni.

Nikaomba sanduku. Lilikuwa gumu, zuri kwa nje, ndani limefunikwa kitambaa cha manyoya mafupi juu ya sponji. Lilinuka ukungu. Nilichukua karatasi ya shashi kavu, nikaikandamiza kwenye sakafu ya sanduku, pale mgongo wa gitaa unapolala, nikaweka kitu kizito juu na kuendelea na mambo mengine. Nilipoitoa ilikuwa laini na baridi, imejikunja kwa maji. Kumbe sanduku lilikuwa linalazwa juu ya sakafu ya saruji, msimu hadi msimu. Saruji iliyomwagwa juu ya udongo bila nailoni ya kuzuia maji hupitisha unyevu kutoka ardhini polepole. Sponji ikaunyonya, kifuniko kikaubana ndani, na gitaa likalala chali juu yake.

Jasho halikuwa mkosaji mkuu, lakini lilikuwa msaidizi. Chuma huanza kushika kutu kwa kasi hewa inapozidi unyevu wa takriban asilimia 60. Chumvi ya jasho iliyokaukia juu ya chuma huanza kuvuta maji hewani yenyewe unyevu ukifika karibu asilimia 75, na ndani ya sanduku lile kiwango hicho kilikuwa kinapitwa. Kwa maneno mengine, kufunga nyuzi mpya na kulirudisha gitaa sandukuni ingekuwa kuchoma pesa. Nilimweleza hivyo, na akakubali kuliacha.

Nyuzi: haziokolewi

Hapa sikutumia muda mwingi kufikiri. Nyuzi zenye kutu hutupwa.

Kwenye seti ya kawaida ya gitaa la umeme, nyuzi tatu nyembamba ni chuma chenye kaboni nyingi kilichopakwa bati jembamba sana. Tatu nene zina kiini cha chuma cha aina hiyohiyo, mara nyingi chenye pembe sita, kilichozungushiwa waya wa chuma uliopakwa nikeli. Uzi wa kwanza wa inchi 0.010 una unene wa robo milimita, na ukikazwa hadi noti ya E kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648 unabeba mvuto wa zaidi ya kilo saba. Kitu chembamba hivyo kinachobeba mzigo huo hakina nafasi ya kupoteza. Kutu haili chuma kwa usawa, huchimba vishimo, na kila kishimo ni mahali ambapo mvuto wote hukusanyika.

Nilikata kipande cha uzi wa tatu nikakikunja taratibu kwa koleo huku mwenyewe anaangalia. Uzi mzima hukunjika na kubaki umekunjika. Huu ulipofika kwenye doa jeusi ulikatika kwa mlio mdogo mkavu, na palipokatika ungeona duara ambalo nusu yake inang'aa na nusu ni nyeusi. Ile nusu nyeusi ilikuwa imeshakufa zamani. Uzi ulikuwa unashikiliwa na iliyobaki.

Wapo wanaozipangusa kwa mafuta na kuendelea kupiga. Wengine, hasa wapigaji wa besi, huzichemsha nyuzi. Kuchemsha hutoa mafuta ya ngozi na uchafu ulioingia kati ya mizunguko ya waya, na kweli sauti huamka kwa muda, lakini hakutoi kutu, na tena kunauingizia maji uzi ambao shida yake ni maji. Kupangusa nako hakurudishi chuma kilicholiwa. Uzi ambao unene wake si sawa kutoka mwanzo hadi mwisho hautetemi sawasawa: noti wazi inaweza kuwa safi, ukiibana kwenye freti ya kumi na mbili (freti ni vile vijiti vya metali vilivyopachikwa kukatiza shingo) ikawa imepotoka, na hakuna urekebishaji wa kikalio utakaoinyoosha.

Na kuna freti zenyewe. Freti za kawaida ni aloi ya shaba, nikeli na zinki. Hazina chuma, kwa hiyo hazishiki kutu nyekundu. Hufifia au kupata ukijani. Lakini ni laini kuliko nyuzi, na unga wa kutu ni msasa. Masonara hutumia unga laini wa oksidi ya chuma kung'arishia dhahabu. Kila ukivuta uzi wenye kutu pembeni kupandisha noti, unaupitisha msasa huo juu ya freti. Kwenye gitaa hili freti za juu zilikuwa na mifereji midogo chini ya nyuzi nyembamba, ya kina kidogo kiasi cha kuondoka kwa kung'arisha tu.

Nyuzi zilizooza zilegeze kwanza hadi zilegee kabisa, ndipo ukate, na uvae miwani. Uzi wa namna hii ukikatwa ukiwa umekazwa huruka vipande viwili, na kimoja hakijulikani kinaelekea wapi.

Daraja na skrubu zilizoganda

Nilipiga picha ya daraja, nikapima urefu wa kila kikalio kutoka kwenye bamba na kuandika. Baada ya hapo nikalitoa daraja zima kwenye mwili. Sikubali kutia mafuta ya kupenya darajani likiwa bado juu ya gitaa. Mafuta hayo hutafuta upenyo. Yakiingia kwenye mashimo ya skrubu yanalowesha mbao, na mbao iliyokunywa mafuta haishiki tena skrubu wala gundi. Likiwa mezani, juu ya bati, ni chuma tu.

Hatua ya kwanza ilikuwa sumaku. Ukipitisha sumaku ndogo juu ya kila kipande unajua unashughulika na nini. Kinachoshika ni chuma, na kutu yake ni nyekundu. Kisichoshika huenda ni aloi ya zinki au shaba. Zinki ikioza hutoa unga mweupe, na huo haupelekwi kwenye siki hata kidogo, maana tindikali hula zinki haraka kuliko inavyokula kutu. Hapa vikalio vyote vilishika. Bamba lilishika. Bloku lilishika.

Vitundu vya skrubu za kupandishia vikalio vilikuwa vimejaa kutu kiasi kwamba alenki, ule ufunguo wa pembe sita, haikuingia hadi mwisho, na hapo ndipo watu wengi huharibu. Wanaikaza alenki ikiwa imeshika mdomo tu wa tundu, pembe sita zinageuka duara, na mchezo umekwisha. Nilichokonoa kila tundu kwa sindano hadi nikasikia ncha inagonga chini. Kisha matone ya mafuta ya kupenya kwa juu na kwa chini, na kuyaacha yalale usiku mzima. Ukubwa wa alenki nao uangaliwe: magitaa haya hutumia ama milimita 1.5 ama inchi 0.050, ambayo ni milimita 1.27, na ile ndogo huingia kwenye tundu kubwa na kuonekana kama imekaa vizuri.

Asubuhi nyingi zilizunguka. Siri ni kukaza kidogo kwanza kabla ya kulegeza, ule mvunjiko mdogo wa kwanza hutokea kirahisi zaidi upande huo. Zilizogoma nilizigusa kwa ncha ya pini ya kulehemia, nikaacha joto liingie, nikasubiri zipoe, nikarudia. Chuma kikitanuka na kusinyaa, kutu iliyo kwenye meno ya skrubu hupasuka na mafuta hupata njia. Kikalio kimoja hakikukubali: skrubu yake ilikuwa imeungana nacho kabisa. Nilikibadilisha. Vikalio hupatikana kimoja kimoja, na kuendelea kupigana nacho kungevunja alenki ndani yake.

Kusafisha ngozi za vipande ni kazi nyingine. Vilivyopakwa nikeli na bado vina nikeli nilivisugua kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na tone la maji. Alumini ni laini kuliko nikeli na kromu, haikwaruzi, lakini huondoa kutu iliyochipuka juu. Mabaki yalitoka kwa brashi ndogo ya shaba. Ujue tu kwamba kutu kwenye kipande kilichopakwa haikuanzia juu. Ilianzia chini, kwenye chuma, ikapenya kupitia vitundu vidogo vya ngozi hiyo. Ukiiondoa, kitundu kinabaki, na bila kinga kutu itachipuka palepale. Ndiyo maana kila kipande kilimalizwa kwa nta, pamoja na ile kona iliyosuguliwa hadi chuma kitupu. Kona ile haitarudi kuwa ya nikeli. Itabaki ya kijivu, na ikipanguswa na kupakwa nta mara kwa mara itakaa hivyo.

Skrubu zisizopakwa kitu na ndoana nilizitia kwenye siki. Siki ya kawaida ya asilimia 5 inatosha, ni kuipa muda na kuisugua katikati. Hatari iko baada ya hapo. Chuma kinachotoka kwenye siki kiko uchi, na kama kitaachwa na tindikali juu yake kitageuka rangi ya chungwa mbele ya macho yako kabla hujamaliza kuosha kingine. Kisuuze kwenye maji yenye bikaboneti ya soda, kikaushe kwa joto, si kwa kitambaa peke yake, na kipake mafuta mepesi papo hapo.

Springi sikuzitia siki. Chuma kigumu cha springi kikilowekwa kwenye tindikali huweza kunyonya hidrojeni na kuwa cha kukatika, na springi inayokatika ndani ya gitaa lililokazwa hulegeza nyuzi zote kwa mara moja. Zile za magamba nilizitupa. Ni kifaa rahisi, hakina sababu ya kunusuriwa.

Pikapu na sufu ya chuma

Hili ndilo eneo ambalo lilinitia wasiwasi kuliko yote. Pikapu za aina hii zina fimbo sita za sumaku ya alniko, aloi ya alumini, nikeli, kobalti na chuma. Chuma kimo, kwa hiyo vichwa vya fimbo hushika kutu, na hapa vilikuwa na ukoko wa kahawia. Tatizo ni kwamba kwenye pikapu za mtindo wa zamani koili imezungushwa moja kwa moja kwenye fimbo hizo, kwa waya wa shaba wenye unene wa takriban milimita 0.06, mwembamba kama unywele. Ngozi ya kukinga ya waya huo ni rangi tu. Kutu ikishuka kwenye fimbo au mafuta yakitiririka hadi humo, ngozi hiyo huweza kuharibika, waya ukakatika au ukagusana, na pikapu ikafa. Kwa hiyo kwenye pikapu hakuna siki, hakuna mafuta ya kupenya, hakuna dawa ya kupuliza ya aina yoyote.

Na kulikuwa na ile sufu. Ukiisugua sufu ya chuma inapukutisha nyuzinyuzi ambazo jicho halizioni vizuri, na juu ya gitaa hilohilo kuna sumaku kumi na nane zinazozingoja. Chini ya lenzi, vichwa vya pikapu ya karibu na daraja vilikuwa vimeota ndevu. Kila nywele ni chuma kipya, kisicho na kinga, kilicho tayari kushika kutu kwa unyevu wa kwanza, na nyingine zilikuwa zimeingia kwenye ufa kati ya fimbo na kifuniko cha plastiki.

Nilitoa vifuniko, nikazinasa kwa gundi laini ya kubandikia picha ukutani, nikiibonyeza na kuinua, kuibonyeza na kuinua, kichwa baada ya kichwa. Kupuliza hakusaidii, nywele hizo huzunguka upande wa pili wa sumaku na kukaa. Ukoko wa kutu niliukwangua kwa kijiti cha mbao kilichochongwa, mdomo wa kifyonza vumbi ukiwa jirani, kisha nikapaka nta kidogo juu ya kila fimbo kwa ncha ya pamba. Nilipima koili zote tatu kwa mita, na zote zilikuwa hai.

Anayelazimika kung'arisha freti kwa sufu ya chuma, na ile laini kabisa ya namba 0000 kweli inang'arisha vizuri, azibe pikapu zote kwa tepu ya karatasi kwanza na aifunge kingo zote. Mimi naona afadhali kutotumia sufu hiyo kwenye gitaa la umeme hata kidogo. Kitambaa cha msasa laini hufanya kazi hiyohiyo bila kuacha chuma nyuma.

Mngurumo ulitoka kwenye kutu

Mwenyewe aliyachukulia malalamiko yake kama mambo matatu tofauti. Lile la mngurumo lilikuwa ni kutu ileile.

Kwenye gitaa la umeme nyuzi zinatakiwa kuunganishwa na waya wa ethi. Kwenye muundo huu njia yake ni ndefu: uzi unagusa kikalio, kikalio kinagusa bamba, bamba limefungwa kwenye bloku, bloku linashika springi, springi zinashika ndoana, na kwenye ndoana kumelehemewa waya unaokwenda hadi kwenye soketi ya kuchomeka. Ukishika nyuzi, mwili wako nao unaunganishwa na ethi na kelele unayoidaka hupungua. Kutu haipitishi umeme vizuri. Pakiwa na ukoko mahali popote kwenye mnyororo huo, muunganiko unakuwa wa kubahatisha, na ndivyo mngurumo wake ulivyokuwa.

Kabla sijabomoa chochote nilikuwa nimepima kwa mita kutoka kwenye bamba la daraja hadi kwenye mguu wa ethi wa soketi. Panapotakiwa kusomeka chini ya omu moja, namba zilikuwa zinaruka, na nikitikisa springi zinapotea kabisa. Nilipogusa ndoana yenyewe badala ya daraja, bado zikaruka. Kwa hiyo shida ilikuwa mwishoni mwa njia: risasi ya lehemu ilikuwa imeinuka, kutu imeingia chini yake, na waya ulikuwa umeegeshwa tu.

Risasi haishiki juu ya kutu hata ukiichoma mchana kutwa. Ndoana ilipotoka kwenye siki niliipiga tupa sehemu ndogo hadi chuma kikawa cheupe, nikapaka fluksi (dawa inayosaidia risasi kushika), nikatumia pini kubwa yenye joto la kutosha kwa sababu ndoana ni nene na hunyonya joto, nikalehemu upya. Fluksi iliyobaki nikaifuta yote, ikiachwa nayo huozesha. Ncha ya ndani ya soketi nilisafisha kwa dawa ya kusafishia miguso ya umeme. Kipimo kikatulia.

Mngurumo mdogo ulibaki, na utabaki. Pikapu za koili moja hudaka mawimbi ya umeme wa nyumbani, yawe ya hezi 50 au 60, kwa jinsi zilivyoundwa. Nilimwonyesha tofauti ya mngurumo huo na ule wa zamani ili asije akalifungua tena bure.

Skrubu za shingoni

Zile nne za bamba la shingo zilihitaji subira. Skrubu iliyoshika kutu ndani ya mbao haing'oki kwa nguvu. Kichwa hukatika, shina linabaki, na utalazimika kuitoboa mbao pembeni yake ili kulichomoa. Mafuta hayaruhusiwi hapo. Niliweka pini ya kulehemia juu ya kichwa cha kila moja hadi joto likashuka, nikasubiri, nikajaribu kwa bisibisi inayojaza mfereji wote, robo mzunguko mbele, robo nyuma. Zote zilitoka. Nilifunga mpya za ukubwa uleule zikiwa zimepitishwa kwenye nta. Ile ya kitufe cha mkanda cha chini ilikuwa na kutu lakini imeshika kama nanga, na haikuwa na dalili ya kulegea. Niliiacha ilivyo.

Sanduku

Tulijadiliana sana kuhusu sanduku, maana kwa nje lilikuwa bado zuri. Kitambaa kinaweza kuanikwa. Sponji iliyobandikwa chini yake haikauki kwa urahisi, na ikikauka juu bado ina maji kwenye moyo wake. Nilifungua kona, nikaikuta imeanza kuvunda. Shauri langu lilikuwa kulitupa, au kung'oa vyote vya ndani na kuweka sponji mpya. Alichagua sanduku lingine, na la safari hii linasimama kwenye rafu, si sakafuni.

Ndani yake kuna haigromita ndogo, yaani kipima unyevu, na vifuko vya silika jeli vya kunyonya maji ya hewani. Kiwango kinachofaa gitaa ni asilimia 45 hadi 55. Chini ya hapo sana, mbao husinyaa, ncha za freti zikaanza kuchomoza pembeni mwa shingo na kukwaruza mkono, kwa hiyo vifuko havijazwi bila kuangalia kipimo. Silika jeli ikishajaa maji haifanyi tena kazi yoyote. Chembe zake humwagwa kwenye chombo cha kuvumilia joto na kukaushwa kwenye oveni, nyuzijoto 120 hivi, kwa saa kadhaa, kisha zinarudi kazini. Na gitaa lililotoka kwenye onyesho halifungiwi hapo hapo. Lina joto na jasho. Linapanguswa, linaachwa nje lipoe, ndipo linafungiwa.

Baada ya hapo

Aliporudi kubadilisha nyuzi miezi kadhaa baadaye, nilizikagua kabla ya kuzitoa. Vipande vya kichwani, kati ya kizingiti na vifunguo, vilikuwa vinang'aa kama siku vilipofungwa. Springi zilikuwa safi. Kipimo cha ethi hakikuwa kimesogea. Lakini uzi wa pili ulikuwa umefifia kati ya freti ya tano na ya tisa, na kwenye vikalio vya nyuzi mbili nene, pale kiganja chake kinapokaa, vichwa vya skrubu vilikuwa vimeanza kuwa na vumbi la kahawia. Sasa hiyo ndiyo kutu ya jasho, na ni ndogo.

Kwa hiyo seti iliyofuata tulifunga ile iliyofunikwa kwa utando mwembamba unaozuia jasho kuingia kati ya mizunguko ya waya. Aliuliza kuhusu seti za chuma kisichoshika kutu, nikamwonyesha kwenye pakiti kwamba chuma hicho ni cha waya unaozungushwa kwenye nyuzi nene tu. Nyembamba tatu, ambazo kwake ndizo zinazofifia kwanza, ni chuma kilekile cha kawaida kilichopakwa bati. Seti yenye utando kwenye nyuzi zote sita ndiyo inayomfaa. Skrubu za vile vikalio viwili nilizipaka nta upya, na nikamwachia alenki yake ili azizungushe kidogo, mbele na kurudi, kila anapobadilisha nyuzi.